Nusukaputi

Wanaiita nusukaputi,
na mimi, muuza masweta ya mitumba pale Memorial,
ninayejua bei ya nusu na bei ya nzima,
sikuuliza ni nusu ipi.

Ndewirwa alikuwa na siku mbili duniani,
amezaliwa bila njia ya haja,
tumbo limekaza kama mpira uliozidishwa upepo.
Nikatia sahihi juu ya goti.
Angekufa kabla ya Jumapili. Hilo nalijua
kama ninavyojua jina langu.

Mara ya pili alikuwa na miezi mitano.
Tangu saa sita ya usiku sikumpa ziwa,
akawa ananitafuta kifuani kwa mdomo, gizani,
na mimi nimejifunga kanga tatu
kama duka linalomkimbia mdai.
Saa nne na nusu walikaa naye mle ndani.
Mara ya tatu, hata mwaka haujatimia.

Mara tatu nimempeleka mlangoni akiwa macho,
mara tatu nimerudishiwa amelegea,
ananuka dawa, shingo haina mwenyewe.
Mara tatu nikasema asante.

Sasa yuko darasa la kwanza, kule Pasua.
Anajua majina ya mbuzi wote wa jirani,
anajua kwa harufu mvua inayoshuka kutoka mlimani,
lakini akihesabu, huruka saba.
Tano, sita, nane.
Mwalimu Kileo ameandika kwa wino mwekundu:
Hasikilizi. Anaduwaa.
Na usiku huamka analia, hataki mlango ufungwe,
hasemi kwa nini.

Nani ameiba saba?
Nimewahoji wote:
ile homa ya mwezi wa nne iliyomtia degedege,
kitanda alichoangukia kichwa,
baba yake, aliyekwenda Mererani kutafuta mawe
akatuma salamu mara moja tu.
Kila mmoja ana shahidi wake.
Nikabaki na ile dawa, haina uso,
na sijui niihoji kwa lugha gani.

Sista Nakijwa, anayelaza watoto, aliweka chai chini.
"Mama Ndewirwa, sitakudanganya.
Usingizi mmoja, mfupi, hautupi hofu kubwa.
Mingi, mirefu, kwa kichanga, wasomi bado wanabishana.
Na mtoto anayehitaji visu vitatu
mara nyingi ana mengine yanayomwelemea."
Nikamuuliza, na wewe unaonaje?
Akatazama kikombe. "Naona yuko hai."
Nilitaka kumchukia. Sikuweza.

Ndani ya robota hakukosi sweta lenye jicho lililoruka.
Likunjue mezani, huoni kitu,
mpaka mtu alivae, anyooshe mkono.
Na hata hapo, nani ataapa
kwamba ni mashine iliyoruka,
si msumari wa njiani?

Jumanne wametuita tena. Ngiri, kwenye kovu la zamani.
Karatasi ni ileile, ila safari hii ninaisoma,
hata yale maandishi madogo ya chini,
mhudumu anagongagonga kalamu.
Nikasaini. Herufi zangu zimelala upande
kama migomba baada ya upepo.

Wakaniruhusu niingie hadi kitandani.
Nakijwa akamwekea kinyago, akamwambia,
"Hesabu, baba."
Moja. Mbili.
Nilikuwa nimemshika kisigino.
Tatu. Nne. Tano.
Sita,
na kisigino kikawa kizito.

Nje, kwenye benchi, nilikaa na viatu vyake vya shule.
Kimoja kina jiwe dogo ndani. Sikulitoa.
Mwanamke wa pembeni alinipa karanga,
nikazishika mpaka zikalowa jasho.

Alipoamka alitapika, akaomba uji, akaukataa.
Kisha, macho yakiwa bado nusu,
"Nane," akasema,
akaendelea, tisa, kumi, kumi na moja,
bila haraka,
kama mtu anayepanda ngazi gizani
na anajua ipi imevunjika.